Taa ya Zambarau katika Wodi ya Vidonda

Wiki chache kabla sijakabidhi funguo za kabati la dawa, vijana wangu wa wodi walifungua sanduku lililoletwa na wafadhili, wakatoa kimashine kidogo kama kipande cha sabuni. Ukikibonyeza kinatoa mwanga mwekundu. Walisema mwanga ule unasaidia vidonda sugu, hasa vya miguu ya wagonjwa wa sukari, wakanizunguka ili wanifundishe. Niliwasikiliza hadi mwisho, kwa maana mtu anayestaafu hana haraka. Ndipo Beatrice, mdogo wao, akaniuliza, "Mama, umewahi kuona kitu kama hiki?"

Nikamwambia nilimjua kaka mkubwa wa hicho kimashine, mzito kama mtungi uliojaa maji, kabla yeye Beatrice hajazaliwa. Wakacheka wakidhani natania. Basi nimekaa niwaandikie. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vilikuja vimechelewa, na mshahara wa nesi mnaujua wenyewe. Nitawaeleza nilivyofundishwa kazi ya vidonda, na walionifundisha, akiwemo mgonjwa mmoja kutoka Sindo.

Nilimaliza mafunzo ya unesi miaka michache kabla ya Uhuru, nikapelekwa hospitali ya misheni kwenye vilima vya upande wa Migori. Nilikuwa nimejiona tayari katika wodi ya kina mama, nikipokea watoto na kushonewa gauni na bibi zao kwa shukrani. Matroni alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Wewe una mikono mikubwa. Nenda wodi ya vidonda."

Wodi ile ilijengwa mwisho wa kiwanja, upande ambao upepo huenda nao. Kabla ya kufika mlangoni, pua ilikuwa imeshafika. Nilisimama pale nikivuta hewa kwa mdomo, na mzee mmoja mwembamba mwenye aproni ya turubai akaniangalia bila kuacha kukunja bendeji.

"Usivute kwa mdomo, binti," alisema. "Vuta kwa pua. Pua huzoea. Mdomo hauzoei."

Huyo alikuwa Chacha, dresa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, na nyumbani kwetu watu wa pande hizi mbili walikumbukana zaidi kwa habari za ng'ombe walioibwa. Hakujua Kijaluo cha kutosha, nami sikujua Kikuria hata cha kuombea maji. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa Kiswahili, yeye chake cha jeshini, mimi changu cha shule, na kwa muda mrefu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayekosea. Ndiyo sababu hata haya nayaandika kwa Kiswahili. Kazi yangu yote nilijifunza kwa lugha hiyo.

Somo lake la kwanza lilikuwa kukaa. "Ukisimama juu ya mgonjwa, unaona bendeji. Ukikaa chini yake, unaona kidonda." Alikuwa na kigoda chake, akanitafutia na mimi changu. La pili lilikuwa kunusa. Alijua kutofautisha kidonda kinachooza na kile kinachonuka tu kwa uchafu wa juu, na alinilazimisha niseme mwenyewe kabla hajafungua. La tatu lilikuwa jua.

Kila asubuhi, mvua isiponyesha, tuliwatoa wagonjwa kwenye baraza la mashariki. Tuliwalaza, mguu juu ya benchi, kidonda kimeoshwa kwa maji ya chumvi na kuachwa wazi chini ya kipande cha chandarua ili nzi wasitue. Jua la asubuhi tu. Likianza kuchoma, tunafunga na kurudi ndani. Chacha aliyarithi hayo kwa madaktari wa jeshi, na aliyaamini kuliko dawa nyingi za kabatini. Wachungaji wa ng'ombe kutoka mpakani waliochomwa na miiba, wavuvi waliokatwa na nyavu, wakulima waliojikata kwa jembe, wote walilala pale kama samaki waliotandazwa, wakibishana juu ya bei ya mahindi. Wengi walipona. Wapo waliokuja wamechelewa, na hao tuliwazika au tukawapeleka kukatwa.

Kisha ikaja ile miaka ya mvua. Mnaotoka kando ya ziwa mmeisikia kwa wazazi wenu: maji yalipanda, mashamba ya ufuoni yakamezwa, watu wakahama na milango yao kichwani. Huku vilimani jua lilipotea kwa majuma. Wagonjwa walizidi, kwa sababu miguu ilishinda ndani ya maji na matope, na baraza letu likawa mahali pa kuanikia bendeji zisizokauka. Vidonda vilivyokuwa vimeanza kujaa nyama vikarudi nyuma. Chacha alikuwa akitoka asubuhi, anatazama mawingu kama mtu anayedai kitu, anarudi ndani.

Daktari wetu wakati huo alikuwa mama mmoja kutoka nchi za baridi kali. Sisi tulimwita Dokta Elsa. Alikuwa mfupi, mwenye hatua ndefu, na Kiswahili chake alijifunzia Tanganyika, kwa hiyo kilikuwa kizuri kuliko chetu, jambo ambalo Chacha hakulisamehe kabisa. Siku moja lori la misheni lilimletea kreti. Ndani yake, katikati ya nyasi kavu, kulikuwa na taa yenye shingo ndefu na bakuli la chuma linalong'aa, na ndani ya bakuli mrija wa kioo uliokunjwa.

"Kwetu majira ya baridi jua halionekani," alitueleza. "Watoto huwekwa chini ya taa kama hii ili mifupa isipinde. Na zamani waliitumia kwa vidonda."

Chacha aliizunguka taa. "Kwa hiyo kwenu jua huja ndani ya sanduku."

"Ndiyo."

"Dokta, hapa kwetu jua tunalo hata la kuuza."

"Liko wapi?" aliuliza Dokta, akimwonyesha dirisha. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati hata ilibidi tupaze sauti. Chacha alicheka kwanza, kisha Dokta, na tangu siku hiyo hawakubishana tena juu ya taa. Walikubaliana hivi: jua likiwepo, baraza, lisipokuwepo, taa.

Msifikiri ilikuwa kazi ya kubonyeza. Kwanza jenereta, ambayo ilikuwa na hasira zake na haikupenda kuwashwa na mtu mwingine ila Chacha. Kisha taa yenyewe ilihitaji kupata joto, ikianza kijivu, ikageuka zambarau, na chumba kikajaa harufu kama ya hewa baada ya radi. Mgonjwa na sisi tulivaa miwani ya giza. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha, nikafanana na panzi mwenye kofia ya nesi.

Kabla ya kummulika mtu, Dokta alitaka tujue nguvu ya taa. Alichukua kadi nene, akaitoboa matundu, akaifunga kwenye mkono wa kujitolea. Mkono wa kujitolea ulikuwa wangu. Alifunua tundu moja baada ya jingine, na kesho yake tukasoma kwenye ngozi yangu ni wapi palipoiva na ni wapi palipobaki salama. Nilikuwa na madoa mekundu kama mtu aliyeumwa na viroboto wenye nidhamu. Lakini nilijifunza jambo ambalo nimelishika hadi leo: ule mwanga haukuwa na joto la kukuonya. Ulipofika kukuunguza, ulikuwa umeshakuunguza.

Watu waliiogopa mwanzoni. Ilisemekana inanyonya damu, na kwamba chini yake dhambi za mtu huonekana. Hiyo ya pili ilitusaidia kidogo, kwa kuwa wengine walikuja kwa udadisi wa kuona dhambi za jirani. Mzee mmoja wa kanisa, aliyeletwa kwa kidonda cha goti, alinibana faraghani akaomba, kwa heshima zote, nimmulikie na upara wake. Nilimwambia taa haioteshi nywele. "Umejaribu?" aliuliza. Sikuwa nimejaribu, na sikujaribu.

Turfosa aliletwa kwetu katika msimu huohuo. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuuzia samaki, kutoka Sindo. Alipanda lori la samaki hadi Homa Bay, kisha lori jingine hadi kwetu, mguu wa kushoto umefungwa kwa kanga mbili. Nilimwuliza aliumiaje.

"Sikuumia," alisema. "Niliona tu damu kwenye sakafu ya nyumba. Nikauliza watoto, nani amekatwa? Wakaniambia, mama, ni wewe."

Msumari wa bati ulikuwa umeingia kwenye unyayo wake, chini ya kidole gumba, na alikuwa ametembea nao hakujua tangu lini. Chacha alikaa kwenye kigoda, akachukua unyoya wa kuku, akaupitisha kwenye unyayo. Mama yule aliendelea kuongea. Akampiga kidogo kwa kibano. Akaendelea kuongea. Chacha akanitazama, akasema polepole, "Nenda kapime mkojo."

Siku hizo tulichemsha mkojo na dawa ya bluu juu ya moto wa spiriti. Ukibaki bluu, heri. Wake uligeuka kijani, njano, ukaishia rangi ya matofali. Nilipomweleza kuwa ana ugonjwa wa sukari, hakushangaa sana. Alisema sisimizi walikuwa wanaandamana hadi chooni kwake na alidhani ni wa majirani.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Mume wake alikuwa amefariki, naye alikataa kurithiwa na shemeji yake. Aliendelea kuanika na kuuza samaki, akalea watoto wake. Mguu ulipoanza kuoza, shemeji alisema waziwazi mbele ya ukoo kwamba hiyo ni chira, laana inayompata mtu anayevunja mila za kwao. Hospitali nyingine alikopitia walimwambia mguu ukatwe chini ya goti.

"Nyathina," aliniambia, maana yake mwanangu, ingawa nilikuwa na vazi la nesi na nilitaka sana kuitwa Sista. "Wakikata hii mguu, pale nyumbani hakuna mtu atasema ni sukari. Watasema marehemu ndiye amekata. Na watoto wangu watapewa yule mtu."

Dokta Elsa aliingiza kijiti cha chuma kwenye kidonda taratibu, akitafuta mfupa. Hakuugusa; uozo ulikuwa haujafika huko. Alisimama, akaosha mikono muda mrefu kuliko kawaida. "Tutajaribu," alisema. "Sikuahidi kitu, Mama. Lakini tutajaribu."

Kila siku tulifanya hivi. Kuosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, yaliyojaribiwa kwa kiwiko changu, si kwa mguu wake. Kukata ngozi ngumu ya pembeni, ambayo Chacha aliiita ukuta, akisema nyama mpya haiwezi kuruka ukuta. Taa kwa muda mfupi, huku ngozi isiyo na kidonda imefunikwa kitambaa. Bendeji safi. Kisha mguu juu ya mito, na marufuku kukanyaga. Vidonge vya sukari asubuhi, na chai bila sukari.

Hiyo chai ndiyo iliyoleta vita.

"Chacha, hii ni maji ya kuoshea sufuria."

"Kunywa."

"Wewe umeweka sukari kwa yako. Naona kijiko."

Kesho yake Chacha alikuja na kikombe chake akakaa kando ya kitanda cha Turfosa, akanywa chai kavu mbele yake hadi tone la mwisho, uso umekunjamana. Tangu siku hiyo alikunywa hivyo kila asubuhi alipokuwa zamu. Turfosa hakumshukuru. Alimwambia tu kuwa anakunywa kwa kelele.

Kidonda kilianza kujibu. Ile rangi ya kijivu iliondoka, chini yake pakatokea nyama nyekundu yenye chembechembe kama tunda la forosadi, na pembezoni ukanda mwembamba wa ngozi mpya. Wagonjwa wengine walikuja kuchungulia. Turfosa alianza kuisifu taa kwa wodi nzima kama anauza samaki: mwanga huu, jamani, unatembea hadi mfupani, mwanga huu unajua jina la mtu.

Pasaka ilipokaribia aliomba ruhusa akaone watoto. Dokta alisita, akakubali, akampa magongo na vidonge. Chacha alimwambia kila alichopaswa kuambiwa: usikanyage, usiloweke, usikaribie moto. Turfosa alirudia maneno yote, vizuri, kama mtoto wa katekisimu.

Aliporudi, lori lilimshusha getini naye hakupaza sauti. Nilijua kabla ya kufungua bendeji.

Ilikuwa hivi. Jumapili baada ya ibada mvua ilinyesha, nyumba ikawa baridi. Wifi yake, mke wa yule shemeji, ambaye alimpenda kweli na hakuwa upande wa mumewe, alisikia habari za taa akafurahi. Akaleta jiko la makaa yaliyoiva, akaliweka karibu na mguu. Nuru ni nuru, alisema, na hii yetu ni nyekundu zaidi. Turfosa naye akaona ni kweli. Taa ya hospitali haikumchoma, mbona jiko lichome? Wakaanza kuongea habari za watoto. Mguu haukusema neno. Waliponusa ngozi ikiungua, walidhani ni samaki jikoni.

Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na kidonda kilikuwa kimefunguka upya hadi pembeni. Homa ilipanda. Dokta Elsa alikuja, akatazama, akatuita nje kwenye baraza. Alisema vidole vimekufa na lazima viondoke. Kuhusu mguu, busara ya vitabu ilikuwa kuukata sasa, kabla sumu haijapanda. Chacha hakubisha. Alisema tu, "Mwulize mwenyewe, Dokta. Mguu ni wake."

Dokta alirudi ndani, akavuta kigoda cha Chacha, akakaa kando ya kitanda. Alimweleza yote bila kupamba: tukikata vidole pekee, mguu unaweza kupona, au sumu inaweza kupanda na kukuua. Tukikata mguu, utaishi kwa uhakika zaidi.

Turfosa alikuwa akitetemeka kwa homa. "Kata vidole," alisema. "Mguu niachie. Nikifa, nimekufa na sukari. Huyu msichana ataenda kwetu kuwaambia ni sukari. Utaenda?"

Nilisema nitakwenda. Akanifanya niseme tena.

Dokta aliondoa vidole asubuhi iliyofuata, akaacha jeraha wazi. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuosha na kungoja. Penisilini kwa sindano. Insulini pia, kutoka friji ya mafuta ya taa iliyohitaji kubembelezwa kama jenereta. Siku za kwanza aliweweseka, akaniita kwa majina ya dada zake, akamwuzia Chacha samaki na kugombana naye juu ya chenji. Chacha alilipa kwa vifungo vya aproni. Alikuja hata siku zake za mapumziko. Alisema nyumbani kwake paa linavuja na hapa ni pakavu.

Asubuhi moja nilipoingia na beseni, Turfosa alikuwa ameketi. Macho yalikuwa yake tena. Aliangalia kikombe mezani, akakionja, akasema, "Bado hii maji ya sufuria?" Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Chacha alikuwa barazani anawasha jenereta. Aliponiona nalia alifikiri Turfosa amekufa, akavua kofia. Nilipomwambia alichosema, aliivaa tena, akarudi kwenye jenereta, akavuta kamba mpaka ikawaka.

Ilichukua miezi. Taa ilirudi kazini, na mvua zilipokatika, baraza likarudi pia. Mara moja, tukiwa tunafuta bakuli la taa na kitambaa laini, nilimwuliza Dokta Elsa kama kweli taa ndiyo iliyoponya.

"Sijui," alisema. "Naamini inaua vijidudu vya juu na inaamsha ngozi. Lakini tazama. Ili ummulike, lazima umwoshe. Lazima alale, mguu juu. Lazima wewe ukae naye ukimwangalia, kila siku. Ukiniondolea hayo yote ukaniachia taa peke yake, sidhani ningependa kuwa mgonjwa wako."

Vijana wangu, hicho kimashine chekundu kitumieni mlivyofundishwa. Huenda ni kizuri kuliko chetu, na wenye utafiti watasema. Ila Turfosa alipona vile Dokta alivyosema, kwa mambo mengi yaliyofanywa kwa pamoja, na watu ambao hawakuchoka.

Siku ya kumrudisha kwao nilipewa ruhusa nimsindikize, kwa kuwa lilibaki jambo la kiatu. Tulishuka Kosele, ambako palikuwa na fundi wa akala, vile viatu vya tairi. Dokta alikuwa amenieleza anachotaka: soli pana, juu yake mpira laini wa tyubu, na chini ya kidonda pachimbwe shimo ili uzito wa mwili usitue pale. Fundi alimkalisha Turfosa, akaupima mguu kwa kamba, akachonga, akamvalisha, akamvua, akachonga tena. Hakuuliza vidole vimekwenda wapi. Turfosa alisimama. Alitembea hadi kwenye magunia ya mahindi na kurudi, akinitazama mimi badala ya miguu.

"Inaniuma?" aliniuliza.

"Wewe ndiye unajua."

"Mimi sijui. Hii mguu haisemi. Angalia wewe."

Nilipiga magoti pale sokoni, nikamvua, nikaangalia kila mahali. Hapakuwa na wekundu. Nikamwambia haiumi.

Sindo tulifika mchana. Habari zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida ya huko, na watu walikuwa wamejaa uani wakijifanya wamekuja kwa mambo mengine. Wifi yake alikuwa amejificha nyuma ya nyumba kwa aibu ya lile jiko. Turfosa aliita jina lake mara tatu mpaka akatoka, akamshika mkono, akaingia naye uani hivyo hivyo. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Alitazama akala, akatazama bendeji, akatazama tena.

"Kumbe mguu umerudi," alisema.

"Haukuenda mahali," Turfosa akajibu. "Vidole viwili ndivyo vimekwenda, na vilichomwa na makaa. Huyu nesi yuko hapa, mwulize ugonjwa unaitwaje."

Aliniuliza. Nilikuwa msichana mbele ya wazee wa watu, lakini niliahidi, kwa hiyo nilisimama nikawaeleza habari za sukari: jinsi inavyoua hisia za mguu, jinsi inavyorithiwa ndani ya damu ya ukoo kama urefu au upara. Niliposema damu ya ukoo, shemeji aliinua kichwa. Mama yake mzazi, kikongwe aliyekaa ukutani, aliuliza kama ni huo ugonjwa unaoita sisimizi chooni. Nikasema ndiyo. Alisema basi marehemu mume wake, baba wa huyo shemeji, alikuwa nao, na hakuvunja mila yoyote. Hakuna aliyetaja chira tena siku ile. Watoto walibaki kwa mama yao.

Kuelekea mwisho wa miaka ile ya sitini taa ilianza kuchoka. Zambarau yake ilififia, ikachukua muda mrefu kuamka, na siku moja haikuamka. Dokta Elsa aliandika kwao kuomba kioo kipya, akajibiwa kuwa kiwanda hakitengenezi tena aina ile. Yeye mwenyewe aliondoka muda si mrefu baadaye, macho yake yakiwa mabovu. Chacha alistaafu akarudi kwao mpakani kufuga, na alinitumia salamu kila mtu wa Kuria alipoletwa kwetu na mguu mbaya. Salamu zenyewe zilikuwa swali: unavuta kwa pua? Sijapata walimu wengine kama hao wawili, na katika miaka yote iliyofuata, kila nilipokaa chini ya mguu wa mtu, niliwashukuru.

Mimi nilihamishiwa zahanati ndogo njia ya Magunga. Haikuwa na jenereta wala baraza la kutosha watu watatu. Wiki ya kwanza nilikuwa bado natafuta mahali pa kuchemshia sindano niliposikia sauti ya kuuzia samaki inakuja kutoka barabarani. Turfosa alikuwa anatembea kwa akala zake, mpya sasa, akimsukuma mbele yake mwanamume mrefu aliyevaa gambuti mguu mmoja na ndala mguu mwingine. Mvuvi, alisema, amemkuta ufuoni anachechemea na amekataa kuvua hicho kiatu tangu mwezi mwandamo. Sisimizi wanajua choo chake.

Yule mtu alisimama mlangoni akiangalia chumba changu kitupu. Kuta, kigoda, beseni, mimi.

"Mama Turfosa," alisema kwa wasiwasi, "ile taa ulisema iko wapi?"

Turfosa alikuwa ameshavuta benchi na kulipangusa kwa pindo la kanga yake.

"Taa ilikufa," alisema. "Wewe keti. Inua mguu."

Alimtazama, akanitazama, kisha akaketi. Nilivuta hewa kwa pua, nikakaa chini yake, nikaanza kuvua gambuti.